Ukoo wa Bi Mwanaisha (Nairobi)

Hamisi, Kasarani: Assalam aleikum nyote. Mjomba Salim, kipima kina cha boti kimenishinda. Juzi Naivasha kilisema mita 4, mara 31, mara mistari mitupu. Pale tulipokuwa hakuna mita 31. Sasa boti iko hapa uani juu ya trela, nimekiwasha, kinaonyesha sifuri. Jumamosi nawapeleka watoto, sitaki kubahatisha.

Mjomba Salim, South B: Waaleikum salaam. Kizime. Juu ya trela hakiwezi kukuambia kitu. Kinapiga sauti, kinasubiri mwangwi urudi kutoka chini, kinahesabu muda. Majini sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde, hewani kama 340 tu.

Mjomba Salim: Kiliruka mkiwa mmesimama au mkienda?

Hamisi: Tukienda. Tukisimama kilitulia kwenye 2.6.

Mjomba Salim: Basi shuku povu. Kihisi, kile kidude kinachopiga sauti, kikikaa juu mno au karibu na rafadha (panga la injini), maji yenye hewa hupita chini yake na sauti haipenyi. Nitumie picha ya nyuma.

Hamisi: 📷

Rukia: Kaka, mbona kihisi nacho ni bluu kama boti?

Hamisi: Lo. Fundi alipaka yote mwezi jana.

Mjomba Salim: Ahsante Rukia, mimi sikuiona. Rangi nene huziba sauti. Hamisi, usikwangue kwa kisu, na thina usiiguse, italeta madhara kwenye plastiki. Msasa laini kabisa na maji, taratibu. Pia naona kimeinama ubavu. Kinyooshe kitazame chini moja kwa moja.

Mama Hamisi: Kaka Salim, na hiyo 2.6 iliyotulia, ni kweli?

Mjomba Salim: Hapo ndipo penyewe, dada. Namba kutulia si ushahidi. Sisi tulitia bildi, kamba yenye kitu kizito ya kupimia kina. Hamisi, tafuta kamba isiyonyumbuka, funga kitu kizito, piga fundo kila nusu mita. Simamisha boti, teremsha mpaka kiguse chini, linganisha. Fanya hivyo sehemu tatu. Tofauti ikiwa ileile kote, ni mpangilio: kinapima kuanzia kilipo kihisi au chini ya mkuku (uti wa chini wa boti), si kutoka usoni mwa maji. Ukiona 8.5 pale kamba inaposema mita 2.6, kimewekwa futi. Ukiona maradufu, mwangwi umepanda na kushuka mara mbili, punguza nguvu ya usikivu.

Rukia: Na majani ya chini ya maji?

Mjomba Salim: Huyasoma kama sakafu. Kamba haidanganyiki hivyo.

Hamisi: Nyaya zake nimezifunga pamoja na za injini.

Mjomba Salim: Zitenganishe leo.

Hamisi: Sawa Mjomba. Jumamosi nikupitie saa 12 asubuhi twende wote?

Mjomba Salim: Nitakuwa getini. Maboya ya watoto yawe garini kabla hujanifikia.