Karavani milimani: kambi ya bondeni kando ya mto au ya juu msituni? Naomba ushauri

Safari_Njema
Wakuu, habari zenu. Nimebakiwa na kambi mbili za kuchagua, zote kwenye milima yenye msitu, na kila nikisoma maelezo yake nazidi kuchanganyikiwa. Karavani ina mita 7.6, ikiungwa na pikapu jumla ni 13.5. Kimo ni mita 3.2 pamoja na kiyoyozi cha juu ya paa, uzito tani 3 ikiwa imepakiwa. Tuko wanne, tutalala usiku nne, na usiku baridi imeshaanza kuuma.

Kambi A ipo bondeni, mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kando ya mto. Kila nafasi ya kuegesha karavani ina umeme wa amp 16, maji na bomba la maji taka. Kambi B ipo mita 1,900, msitu mnene, haina umeme, bomba la maji ni moja la wote, na kilomita 9 za mwisho mwinuko unafika asilimia 11. Picha za B zinavutia sana. Mngechagua ipi, na niulize nini kabla ya kulipia?

Gia_Nzito
Mkuu, barabara kwanza. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda mita 300, kwa hiyo ukikaribia B imebaki na kama asilimia 80. Utapanda polepole ukiangalia geji ya joto, hilo linavumilika. Hatari ipo siku ya kushuka. Ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, ukisubiri katikati umechelewa. Breki kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, mwendo upungue, kisha achia kabisa zipoe. Mguu ukikaa kwenye pedali kilomita zote 9, pedi zinapata moto hadi hazishiki tena, na mafuta ya breki yakichemka pedali inazama bure. Ukisikia harufu ya kuungua simama mahali salama uziache zipoe zenyewe, usimwagie maji.

Halafu wapigie simu uulize magari marefu yanapita njia gani. Ramani ya simu inatafuta njia fupi, haijui unavuta nini.

Pimamaji
Gia_Nzito kamaliza ya barabara. Mimi nasema usikubali "nafasi yoyote", omba namba, kwa sababu ndani ya kambi moja kuna nafasi nzuri na nafasi ya mateso.

Wakikuambia nafasi ina mita 12, uliza ni mita 12 zilizosawazishwa au ni mpaka kwenye vichaka. Uliza pia kama gari litakaa hapo hapo au lina maegesho yake. Kisha uliza pembe. Nafasi iliyolala kama digrii 45 kutoka kwenye barabara ya ndani unairudia nyuma bila taabu. Ikiwa ni digrii 90 na barabara ina upana wa mita 4, miti pande zote, karavani inaweza kuingia lakini pua ya pikapu haina pa kuzungukia. Chagua ile unayoirudia kwa upande wa dereva, ili kona ya nyuma uione kwa macho yako. Na kwa kimo chako wakuhakikishie matawi yamekatwa mpaka mita 4.

Mlalo wa ardhi una hesabu rahisi. Kati ya gurudumu la kushoto na la kulia kuna kama mita 2, basi mlalo wa asilimia 3 ni sentimita 6 za vibao chini ya gurudumu moja. Ukihitaji zaidi ya 10, omba nafasi nyingine. Sawazisha ubavu kwa ubavu kwanza karavani ikiwa bado imeungwa, weka kabari, ndipo ufungue na usawazishe mbele na nyuma kwa jeki ya mbele. Miguu ya kwenye kona kazi yake ni kuzuia kutikisika tu. Ukiitumia kuinua karavani, karavani inapinda. Kama friji yako ni ya gesi hili lichukulie kwa uzito: ikilala sana, mchanganyiko wa amonia unatuama kwenye mabomba ya nyuma, unachemka hadi unaacha chembe zinazoziba njia, na friji ndiyo imekwisha.

Ukifika, kabla ya kushusha jeki, inua kichwa. Tawi kavu lililonasa juu, uyoga kwenye shina, udongo uliopasuka upande mmoja wa mizizi: ukiona kimojawapo, omba kuhama.

Bomba_Kavu
Kwa familia ya watu wanne na baridi hiyo, mimi nakupeleka A. Ila fahamu mambo mawili.

Umeme: amp 16 kwa volti 230 ni wati 3,680. Hita ya 2,000 na birika la 2,000 kwa pamoja zinazidi hapo, na zinaweza kuangusha swichi. Waya wa mita 25 uwe wa milimita 2.5 za mraba, na uukunjue wote. Ukibaki umezungushwa kwenye gurudumu lake unapata moto hadi plastiki inayeyuka.

Maji: kambi nyingi za milimani hupata maji kutoka tangi lililo juu mlimani, na kila mita 10 za kushuka zinaongeza karibu baa 1 ya presha. Tangi likiwa mita 70 juu yako, bombani kuna baa 7. Funga kidhibiti presha kwenye bomba lenyewe, kabla ya mpira wa maji, ukiweke kwenye baa 3. Watu hukifunga kwenye karavani, kisha mpira unapasuka usiku. Kukiwa na dalili ya barafu, jaza tangi lako jioni, ukate mpira na uumwage.

Koki ya tangi la choo ifunge mpaka lijae theluthi mbili. Ukiiacha wazi, majimaji yanakwenda, mazito yanabaki na kukauka.

Safari_Njema
Asanteni sana wakuu. Kwa B je, nikitegemea paneli ya sola ya wati 200 na betri ya lithiamu? Tangi la maji ni lita 100.

Kivuli
Sola chini ya msitu mnene usiihesabu. Kivuli kikifunika sehemu tu ya paneli, umeme unashuka kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, maana seli zimeungwa kwa mfululizo. Betri ya lithiamu nayo haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0, inaharibika ndani. Maji, hata mkibana matumizi kwa lita 20 kila mtu, ni lita 80 kwa siku, kwa hiyo kila siku mtabeba madumu. Mtungi uwe wa propani. Butani ikikaribia nyuzi 0 haitoi gesi.

Safari_Njema
Basi ni A. Ila wasiwasi wangu sasa ni huo mto.

Pimamaji
Ni wasiwasi wa haki. Mvua inaweza kunyesha juu mlimani huku kwenu kukiwa kukavu, na maji yakawafikia usiku. Omba nafasi iliyopanda mita kadhaa kutoka ukingoni. Utafaidika na joto pia, kwa kuwa hewa baridi huteremka na kutuama kwenye sakafu ya bonde. Ukishafika tazama taka zilizonasa kwenye vichaka: majani na vijiti vilivyoning'inia vinaonyesha mto uliwahi kufika wapi. Na uulize kama kuna njia ya pili ya kutokea, maana kukiwaka moto msituni barabara moja inaweza kufungwa.

Gia_Nzito
Fika kabla ya saa 10 alasiri. Bondeni jua linazama nyuma ya mlima mapema, na nafasi yenye miti huirudii nyuma gizani.