Ushauri: Mtoto niliyemuasili bado anamsubiri mama yake aliyefariki

MamaWatatu: Wakuu, habari za jioni. Nimemuasili binti wa miaka 6 baada ya mama yake kufariki. Mchana mchangamfu, usiku mtu mwingine: anakojoa kitandani ilhali alishaacha, na hataki taa izimwe. Juzi natandika, nikakuta vipande vya mkate chini ya godoro, vimeota ukungu. Ndugu walimwambia mama "amesafiri", kwa hiyo gari likisimama nje anakimbilia dirishani. Mume wangu anasema tuache, ataelewa akikua. Moyo wangu unakataa. Nimwambie? Nimwambieje?

MzeeKigoda: Mwambie, na usichelewe. Aliyeambiwa mama kasafiri hana cha kuomboleza, ana mtu wa kumsubiri, na asipomwona ataamini ametelekezwa. Tumia neno lenyewe: amekufa. Mweleze kwamba mwili umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii njaa wala maumivu, na hawezi kurudi. Usiseme "amelala", utamfanya auogope usingizi, na huyo usiku tayari unamtesa. Umri huo wengine bado hudhani mtu hufa akarudi, hivyo atauliza tena kesho na keshokutwa. Mjibu vilevile. Halafu watoto hujibebesha lawama: "nilimkasirisha, ndiyo maana akafa". Hata asipouliza, mwambie si kosa lake. Akilia kidogo kisha akatoka kucheza, usidhani hajali. Huzuni ya mtoto huja kwa vipande.

Kidawa: Mkate usimgombeze (na wa kukwambia umchape kwa kukojoa, wapite tu). Mtoto asiye na uhakika wa kesho huweka akiba. Mpe kopo lake lenye mfuniko, likae anapolifikia, uwe unalijaza mwenyewe.

Nyundo: Mnakuza mambo. Sisi tulifiwa, hakuna aliyetukalisha chini, mbona tumekua?

Kidawa: Kukua tumekua kaka, ila muulize anayeishi na wewe.

Msafiri_K: Nililelewa na wasionizaa. Walinipenda, ila jina la mama halikutajwa mle ndani, nami nikajifunza kunyamaza ili nisiwakwaze. Picha ya mama yake iwe mahali anapoiona. Na asilazimishwe kukuita mama.

MamaWatatu: Asanteni sana. Shuleni waambiwe? Na mtaalamu nimtafute lini?

MzeeKigoda: Mwalimu wa darasa ajue, tarehe ya kifo ikikaribia umkumbushe. Kuhusu mtaalamu, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5-TR wa mwaka 2022, huhesabu huzuni iliyokwama kuanzia miezi 6 baada ya kifo kwa mtoto, 12 kwa mtu mzima. Lakini akianza kujiumiza au kusema anataka kumfuata mama, ni siku hiyohiyo. Tafuta mshauri nasaha aliyezoea watoto, anayetumia michezo na kuchora, na anayekuita na wewe ndani. Siku ya kumwambia, mume wako awepo, mtoto asije akamfuata baadaye pembeni kutafuta jibu jingine.