Tupeane uzoefu: vifaa vya nyumbani visivyosikilizana

Mwanzisha mada, Nguba (Bukavu)
Ndugu zangu, naanza mimi. Taa na sensa ya geti za Zigbee (redio ya vifaa vya nyumbani, si Wi-Fi) aliniletea shemeji kutoka Ubelgiji, prizi za Wi-Fi nilinunua kwa mfanyabiashara anayeenda Dubai. Kila kimoja na programu yake kwenye simu. Nilichotaka ni kidogo tu: geti likifunguliwa usiku, prizi iwashe taa ya baraza. Nikaviunganisha kwa akaunti mbili za watengenezaji wao kwenye intaneti. Habari ya geti ikawa inavuka bahari kwanza ndipo irudi Nguba. Mgeni ameshavua viatu, taa ndiyo inawaka. Mega za intaneti zikiisha, giza.

Mwishowe nilichukua laptopu iliyopasuka kioo, nikaweka Home Assistant, programu ya bure ya kuongoza vifaa vya nyumbani iliyoanza 2013, na kijiti cha USB cha Zigbee. Sasa vyote vinaongea humohumo ndani, hata mega zikiisha. Prizi moja ilikataa katakata kufanya kazi bila seva ya kwao, nimempa jirani. Ninyi mlifanyaje?

Wa Kadutu
Yaya, hongera, lakini subiri umeme ukatike. Mimi niliweka laptopu na modemu kwenye betri nikajiona nimemaliza. Umeme ulipoondoka, sensa ya geti ikapotea. Siku tatu nailaumu, nimebadilisha hata betri yake. Kumbe kwenye Zigbee, vifaa vinavyokula umeme wa ukutani ndivyo vinavyopokezana ujumbe. Prizi yangu ya Zigbee ya sebuleni ndiyo ilikuwa daraja, na daraja lilizimika pamoja na mtaa mzima. Nikaihamishia kwenye laini ya inverta, karibu na dirisha la upande wa geti. Sensa haijapotea tena.

Na kijiti usikichomeke moja kwa moja kwenye tundu la USB 3. Lina kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, palepale Zigbee inapoongelea. Waya wa kurefusha wa mita moja ulinitosha.

Wa Muhumba
Kwangu shida ni koko, mzee wetu wa nyumbani. Amezoea kuzima taa ukutani kabla ya kulala, basi balbu yenye akili inakata roho. Nikabandika karatasi: USIZIME. Akazima, na karatasi akawashia babula. Fundi akaja kuweka rilei, kiswichi kinachoongozwa na simu, nyuma ya swichi. Kufungua kisanduku, hakuna waya wa nyutro, nyumba ni ya zamani. Tukatafuta rilei isiyohitaji nyutro na balbu tukarudisha ya kawaida. Sasa koko anabonyeza, simu inabonyeza, hakuna kesi.

Wa Nyawera
Mimi niliagiza sensa ya Z-Wave, redio nyingine kama Zigbee, kutoka Marekani, na kituo cha kuiunganisha nilichonacho ni cha Ulaya. Kimoja kinaongea kwenye masafa ya 908.42 MHz, kingine 868.42. Hapo weka programu yoyote unayotaka, havisikiani. Imelala kabatini.

Kijana wa Panzi
Wazee, si mnunue zenye nembo ya Matter, ile lugha moja ya vifaa vya kampuni zote, tu mpumzike?

Mwanzisha mada
Mdogo wangu, Matter 1.0 ilitoka Oktoba 2022, vya kwangu vilishazaliwa. Balbu ya Zigbee haiingii humo yenyewe, mpaka kituo chake kipate toleo jipya la kuiombea njia. Na zile za Matter zinazotumia Thread, redio nyingine tena, zinataka kifaa kingine cha kuziunganisha na mtandao wa nyumba. Ila ukinunua, piga picha ile stika yenye msimbo wa tarakimu 11 kabla haijafutika. Bila hizo namba utahangaika kuiunganisha upya.

Mama wa Bagira
Mimi sina kituo wala laptopu. Nimebadilisha kampuni ya intaneti mara mbili, na kila modemu mpya naipa jina na nywila zilezile za ile ya zamani, kwenye 2.4 GHz. Prizi zangu zote za Wi-Fi zinarudi zenyewe. Mara ya mwisho baba watoto alidhani nimeita fundi, akauliza anadaiwa ngapi. Nikamwambia dola kumi. Akalipa.