Soketi za koili klipu zimekatika (1NZ): ganda tupu, ya mtumba au mpya yenye waya?

Mkwaju_Likoni
Vipi wazee. Gari ni Fielder, injini 1NZ-FE. Soketi mbili za koili za cheche (plagi) zimekatika klipu, moja yatoka yenyewe gari likitetemeka na mashine ya kusoma hitilafu yaonyesha P0352, yaani kodi ya saketi ya koili ya pili. Nataka kubadilisha nyumbani. Ninunue ganda tupu (plastiki ya soketi bila pini wala waya) nihamishe pini, nitafute ya mtumba, au mpya yenye waya zake?

SheikhWaya
Ganda tupu, maadamu pini zako bado zang'aa. Hukati waya, kwa hivyo huachi kiungo kitakachokuja kuoza.

Toa terminali hasi ya betri. Piga picha rangi za waya. Kisha tafuta kifungio cha pili, kile kipande kidogo cha plastiki kinachozuia pini zisirudi nyuma, ukisukume kwa bisibisi nyembamba. Wengi hukiruka hicho, wakavuta waya kwa nguvu, pini ikabaki ndani na waya mkononi. Kikilegea, ingiza ncha nyembamba kwa mbele, inua ulimi ulioshika pini, waya itatoka nyuma bila ugomvi. Hamisha moja moja mpaka usikie "tak", na kipira cha nyuma kiende na pini yake.

Waya ni nne: umeme wa switchi, ardhi (hasi), na mbili za kompyuta, IGT (amri ya kutoa cheche) na IGF (jibu la koili kwa kompyuta). Ukipeleka volti 12 kwenye hizo mbili za mwisho, soketi ndiyo itakuwa gharama ndogo.

DadaMita
Sheikh, nakubali, ila kwa hewa ya chumvi ya huko Likoni achungulie pini kwanza. Zikiwa na ukijani, yaani kutu ya shaba, ganda jipya ni kupaka rangi nyumba yenye mchwa. Hapo mpya yenye waya. Kata waya ya gari mpaka ufike shaba inayong'aa, nyeusi haishiki. Na usidanganywe na unene: za bei rahisi huwa plastiki nyingi, shaba nyuzi chache. Shaba yenyewe isiwe nyembamba kuliko ile ya gari.

Ya mtumba ina sifa moja, pini zake za asili hubana vizuri. Lakini plastiki nayo imepikwa juu ya injini miaka kama yako. Pinda klipu kwa kidole kabla hujalipa. Iwe na waya sentimita 15 au zaidi. Iliyokatwa shingoni iache.

Kisauni_Umeme
Kuunga je? Mimi ni wa kubana waya ndani ya kibomba cha chuma cha kuungia kwa plaisi, si solda. Solda hupanda chini ya gamba, waya ikawa ngumu kama kijiti, na mtetemo huikata pale pale solda inapoishia.

SheikhWaya
Hukatika ikiachwa inaning'inia, yakhe. Ifunge kwenye mkungu wa waya karibu na kiungo, haitacheza. Afadhali solda safi kuliko kiungo kilichobanwa kwa koleo la msumari. Tahadhari tu na dawa ya solda ya mabomba: ina asidi, itakula shaba. Tumia solda yenye utomvu ndani.

Kisauni_Umeme
Sawa, kama hana plaisi ya kubania, asolde. Akiwa nayo, amenye milimita 8 hivi, abane, kisha avute kwa mkono: ikichomoka haikuwa imebanwa. Viungo vinne visikae mahali pamoja, vipishane sentimita 3, ama utapata uvimbe usioingia kwenye bomba la waya. Ule mpira wa kufunika kiungo, unaosinyaa kwa joto, uwe wenye gundi ndani, na *uvishwe kabla ya kuunga*. Tepu peke yake hapana, gundi yake huyeyuka kwa joto na chumvi hupita.

DadaMita
Na asichukue mbinu hizi kwenye sensa ya oksijeni. Nyingi huvuta hewa kupitia waya zake, solda na grisi huziziba. Soketi za manjano za mikoba ya hewa asiziguse kabisa.

Mkwaju_Likoni
Shukran. Soketi moja, pini moja ina ukijani, tatu safi; ya pili zote safi. Nitajuaje kama kazi imeshika?

DadaMita
Soketi hiyo ipe mpya nzima, ya pili ganda tupu. Futa ile kodi ya hitilafu kwa mashine, washa, acha injini ipate moto, kisha tikisa waya, mlio usibadilike. Halafu mita kwenye volti DC, ncha moja hasi ya betri, nyingine pini ya ardhi kwa nyuma, soketi ikiwa imeingia. Ikizidi volti 0.1, rudia kiungo cha ardhi.