Naomba ushauri: postikadi za vivutio vya utalii darasani

Habari zenu walimu wenzangu. Wanafunzi wangu wa darasa la 4 wanajifunza vivutio vya mkoa kwa kutengeneza postikadi: manila ya sentimita 10 kwa 15, mchoro mbele, nyuma ujumbe kushoto, anwani na stempu kulia.

Rangi ya maji hukunja kadi, kwani upande mmoja tu ndio unaolowa. Kuibana ubaoni kwa utepe hadi ikauke kumesaidia kidogo. Krayoni hazikunji, ila kadi zikipangwa pamoja rangi huhamia ya jirani.

Tatizo kubwa zaidi ni ujumbe; wengi huandika tu: "Pazuri sana, karibuni!" Kwa mfano, maporomoko ya maji waliyochora yalitokana na nini, hakuna anayegusa. Niliwapa maswali elekezi, wakayanakili yalivyo.

Je, waandike kwanza ndipo wachore? Na manila ya gramu ngapi huhimili maji?