Stima zimepotea katikati ya kupandisha Ubuntu, seva iko Frankfurt. Niributi?

mtoto_wa_kisauni
Asalaam aleykum jamani, niko kwenye mtihani. Natunza seva ya kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Seva yenyewe tumeikodi Frankfurt, sijawahi kuitia machoni, na aliyeiweka alishaondoka kitambo. Mfumo endeshi wake ulikuwa Ubuntu 18.04. Leo saa nne usiku nikasema liwalo na liwe, nikaingia kwa SSH (njia ya kuiendesha seva kwa mbali) kutoka nyumbani nikaanzisha do-release-upgrade, amri ya kupandisha toleo, kwenda 20.04. Ikafika kama nusu hivi, stima zikapotea mtaa mzima, na ruta nayo ikazima.

Zimerudi sasa hivi, saa saba. SSH inaingia, tovuti inafunguka, lakini apt, kisakinishi cha programu, inaniambia kufuli ya dpkg (inayozuia wawili kusakinisha kwa pamoja) imeshikwa na programu nyingine. Makarani wanaanza kazi saa mbili asubuhi. Nifute hiyo kufuli niributi, au?

nahodha_likoni
USIRIBUTI. Usiguse kitu kwanza.

kijana_majengo
Mimi hufuta tu faili ya kufuli, nawasha upya, maisha yanaendelea. Mnamtisha bure.

mama_seva
Wewe wa Majengo umebahatika, na bahati haina mwalimu. Kufuli ikiwa imeshikwa maana yake mwenye kuishika yuko hai. Stima zimepotea Kisauni, hazijapotea Frankfurt! Do-release-upgrade hujiendesha ndani ya screen, programu inayobaki hai kwenye seva hata ukitoka, kwa hiyo laini yako ikikatika kazi yenyewe haifi. Mwanangu, andika `sudo screen -d -r` utuambie unaona nini. Ukiributi saa hizi, huenda kerneli mpya (kiini cha mfumo) imewekwa nusu, seva isiamke, na hapo Frankfurt hamna mtu wa kukubonyezea kitufe.

Na siku nyingine, ikikuambia inafungua SSH ya pili kwenye poti (mlango wa mtandao) 1022, usipite tu kwa Enter. Ile ni njia ya akiba endapo SSH ya kawaida itagoma. Ifungulie kwenye ngome (firewall) kabla hujaanza.

mtoto_wa_kisauni
Wallahi mama, iko hai! Imesimama kwenye swali: faili ya sshd_config, yenye mipangilio ya SSH, imebadilishwa, niweke ya mtengenezaji au nibaki na yangu? Muda wote huu ilikuwa inaningoja mimi.

nahodha_likoni
Baki na yako. Kuna jamaa alikubali ile mpya wakati SSH yake ilikuwa kwenye poti aliyoichagua mwenyewe. Huduma ilipowashwa upya ikarudi poti 22, na ngome ilikuwa imeifunga. Akajifungia nje ya nyumba yake. Jamaa huyo ni mimi.

Kabla ya kuributi, fungua konsoli (skrini ya seva yenyewe, isiyopitia SSH) kwenye paneli ya waliokukodisha, uingie kwa nywila, si kwa ufunguo. Kama nywila huijui, ibadilishe sasa hivi ungali ndani.

mtoto_wa_kisauni
Imemaliza, nimeributi saa nane na nusu huku nimekodolea konsoli macho. Imeamka. Tovuti ndiyo imegoma, Apache, inayohudumia tovuti, inalalamikia PHP 7.2, lugha iliyoandikiwa programu yetu.

mama_seva
20.04 ina PHP 7.4. Zima moduli ya 7.2, washa ya 7.4, uanzishe Apache upya. MySQL, hifadhidata, nayo imetoka 5.7 kwenda 8.0, na data ikishapandishwa hivyo 5.7 haiisomi tena. Ulitoa nakala kabla ya kuanza?

mtoto_wa_kisauni
…

mama_seva
Haya. Itoe sasa, uishushe kwenye kompyuta yako.

mtoto_wa_kisauni
Nimetoa. Tovuti imerudi, shukran sana. Sasa niende 22.04 moja kwa moja usiku huu huu? Nasikia msaada wa kawaida wa 20.04 uliisha Mei 2025.

nahodha_likoni
Uliisha kweli, ila kalale. Na 22.04 usiipandishe juu ya hii. Kodi seva ya pili mwezi mmoja, weka 22.04 safi, hamishia nakala, jaribu kila ukurasa. Ile ina PHP 8.1, na programu ya zamani namna hiyo usishangae ukikuta humo each() au create_function, mambo ya PHP yaliyoondolewa tangu 8.0. Afadhali uyagundue kwenye seva ambayo hakuna karani anayeitumia. Kikiharibika kitu, ile ya zamani bado inafanya kazi.

kijana_majengo
Seva mbili ni pesa mbili, ndugu. Bosi wa kampuni ndogo atakubali?

mama_seva
Mwambie bosi ahesabu gharama ya kontena moja kulala bandarini kwa sababu karatasi hazikutoka. Atakubali. Na kama makarani wanaingia kwa PuTTY (programu ya SSH ya Windows) ya zamani, isasishe mapema, maana SSH ya 22.04 hukataa saini za kizamani za ssh-rsa (SHA-1).

mtoto_wa_kisauni
Nimeyaandika yote. Stima zimepotea tena huku, natumia data ya simu. Ila tangu tulipoongea, kazi zote nazifanyia ndani ya tmux, ndugu yake screen.