Naomba ushauri: kinanda cha Japani kinavuma kwenye umeme wetu

Habari zenu ndugu wanachama. Bendi yetu hapa Kampala inapiga dream pop, muziki wa kuelea kama wa Beach House wa Marekani, gitaa lina mwangwi mrefu na kinanda kinalia kama filamu za zamani za anga za juu. Tumepata kinanda cha umeme, Roland Juno-60, kutoka Japani. Kinataka volti 100, umeme wetu ni 240, kwa hiyo tumekiwekea transfoma. Kinawaka, ila spika zinavuma hata sauti ikiteremshwa hadi mwisho. Tumebadilisha waya na soketi, wapi! Kwenye jenereta ndiyo balaa (mashabiki walidhani ni staili yetu). Plagi yake ina pini mbili tu, haina ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini).

Je, tatizo ni transfoma au kukosa ethi? Na kuna fundi mjini wa kukigeuza kitumie volti 240 bila kuharibu mlio wake?